Je, gari la umeme linahamisha tu moshi kutoka Ruangwa kwenda Mtwara?

Swali: "Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ruangwa. Nina IST, natembea kama kilomita 700 kwa mwezi: shuleni na kurudi, na Lindi mara mbili kwa mambo ya familia. Nataka kuiuza nichukue gari dogo la umeme lililotumika Japan, lenye betri ya uniti 40. Nafundisha mabadiliko ya tabianchi, na naona haya kuwaambia wanafunzi jambo ambalo mwenyewe silifanyi. Mwenzangu ofisini ananipinga. Anasema umeme wetu wa kusini ni wa gesi, kwa hiyo nitakuwa nimehamisha moshi tu, kutoka Ruangwa kwenda Mtwara. Tena madini ya kinywe ya kutengenezea betri yanachimbwa huku huku kwetu, mikorosho inang'olewa. Mdogo wangu wa bodaboda naye anasema nibaki na petroli yangu. Nani yuko sahihi?"

Marahaba, mwalimu. Mwenzako ana hoja nzito kuliko wewe unavyotaka kukubali, lakini amekosea hesabu. Tuifanye pamoja, maana kwa jambo hili maneno bila namba hayatufikishi popote.

Tuanze na IST yako. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo, lakini ikiungua inatoa kilo 2.3 za hewa ukaa. Wanafunzi wako watauliza inawezekanaje kitu kutoa moshi mzito kuliko chenyewe. Waambie kaboni iliyomo kwenye petroli inashikana na oksijeni ya hewani, na uzito mwingi wa hewa ukaa ni wa hiyo oksijeni. Nikikadiria gari lako linakula lita 7 kwa kilomita 100, hapo bomba la moshi limetoa kilo 16. Ongeza mafuta ghafi yaliyochimbwa, kiwanda kilichoyasafisha, meli iliyoyaleta kutoka ng'ambo na lori lililoyapandisha hadi Ruangwa, tunafika kilo 19 hivi. Shika namba hiyo: 19 kwa kila kilomita 100.

Sasa gari la umeme. Gari dogo la aina unayoitaka linakula kama uniti 17 kwa kilomita 100, tukipima kwenye soketi ya nyumbani, siyo kwenye betri, kwa sababu kuchaji nako kunapoteza kidogo. Mwenzako anasema kweli kuhusu chanzo: kwa miaka mingi Mtwara na Lindi tumekuwa tukiishi nje ya gridi ya taifa, tukitegemea mitambo ya Mtwara inayounguza gesi ya Mnazi Bay. Injini za gesi za namna hiyo hutoa takriban gramu 500 za hewa ukaa kwa uniti moja. Weka na umeme unaopotea kwenye nyaya kabla haujafika kwako, tuseme gramu 560 au 580. Zidisha kwa 17. Unapata karibu kilo 10.

Kumi dhidi ya kumi na tisa. Moshi umehama, ni kweli, lakini umefika Mtwara ukiwa nusu.

Hiyo nusu nyingine imeenda wapi? Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, wakidhani kuunguza ni kuunguza tu. Injini ya petroli ya gari dogo inafikisha kwenye tairi robo hivi ya nguvu iliyomo kwenye mafuta. Robo tatu inatoka kwa njia ya joto kupitia rejeta na ekzosi. Gusa boneti baada ya safari uone pesa yako ilikokwenda. Mtambo mkubwa uliokaa mahali pamoja, unaozunguka kwa mwendo uleule, unageuza kuwa umeme kama asilimia 38 hadi 40 ya nguvu ya gesi, na mota ya gari ikishapata umeme huo haipotezi sana. Ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Halafu gesi yenyewe, ambayo karibu yote ni methani, ina kaboni kidogo kuliko petroli kwa joto lilelile. Faida hizo mbili zikikutana ndipo kilo 19 zinaposhuka hadi 10.

Namtetea mwenzako kwa jambo moja ambalo hakulitaja. Methani ikivuja kabla ya kuungua, katika miaka 20 ya kwanza inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito huohuo. Kwa kilomita zako 100 mtambo unaunguza kama kilo 3.6 za gesi. Ikivuja asilimia 1 tu njiani, ni gramu 36, na madhara yake ni sawa na kilo 3 za hewa ukaa. Kumi inakuwa 13. Bado iko chini ya 19, ila pengo limepungua, na kila kiungo cha bomba kinachovuja kinalipunguza zaidi. Kwa hiyo yeyote anayejali jambo hili huku kusini ana haki ya kudai ukaguzi wa uvujaji visimani na mitamboni, hata kama hana gari lolote.

Na kuna njia ya tatu ambayo watu wa mikoa ya gesi tunapaswa kuijua vizuri kuliko wote: kulifunga gari lilelile la petroli mtungi wa gesi asilia. Nimeipigia hesabu. Gari la lita 7 likitumia gesi linatoa kilo 12 na nusu hivi kwenye bomba la moshi badala ya 16, na hulazimiki kutengeneza betri mpya kubwa. Ukilinganisha na gari la umeme linalolishwa na gesi tupu, tofauti ni kilo mbili na nusu tu kwa kilomita 100. Hilo ni jambo la kuheshimiwa. Tatizo lake ni la mahali: vituo vingi vya kujaza gesi viko Dar es Salaam, na gesi inayotoka chini ya ardhi ya Mtwara haitakusaidia ukiwa Ruangwa na mtungi mtupu. Kituo kikifunguliwa karibu yako, niandikie tena, na huenda jibu langu likabadilika.

Ila gari la gesi lina dari. Litabaki kwenye 12 na nusu hadi siku litakapouzwa chuma chakavu. Gari la umeme linabadilika kadiri mitambo inavyobadilika, nawe hujagusa spana. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Wa kwanza ulianza kufua umeme mwaka 2024. Njia kubwa ya umeme kutoka Songea kupitia Tunduru na Masasi hadi Mahumbika, mkoani Lindi, inalenga kutuingiza sisi wa kusini kwenye gridi hiyo ya taifa. Umeme wa maji ukichanganyika na wa gesi nusu kwa nusu, gari lako linashuka hadi kilo 5 kwa kilomita 100. Na ukiweka paa la sola la kilowati 3 nyumbani, kwa jua letu, siku nzuri linakupa kama uniti 12, ambazo ni kilomita 70. Wewe unatembea wastani wa kilomita 23 kwa siku.

Hadi hapa nimekuwa upande wako. Sasa tugeuke.

Betri haizaliwi bila moshi. Kutengeneza betri ya uniti 40, tangu mgodini hadi kiwandani, ambako umeme mwingi unatoka kwenye makaa ya mawe, kunaacha kama tani 3 za hewa ukaa kabla gari halijasogea hata mita moja. Hilo ni deni. Ukiokoa kilo 9 au 10 kwa kilomita 100 kwa umeme wa gesi, unalimaliza baada ya kilomita 31,000 hivi. Kwa mwendo wako wa kilomita 8,400 kwa mwaka, ni karibu miaka minne. Kwa umeme wa maji au sola linakwisha baada ya kilomita 16,000, miaka miwili tu. Dereva wa teksi analimaliza ndani ya mwaka mmoja.

Utaniambia gari limetumika, deni alishalilipa Mjapani. Kwa kiasi fulani ni sawa. Lakini betri iliyotumika inakuja na maisha yaliyobaki, na hapo ndipo nimeona watu wakilia. Magari mengi ya umeme yaliyotumika yanayotoka Japan ni Nissan Leaf, na betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza. Inategemea hewa inayopita. Kwa baridi ya kaskazini mwa Japan inastahimili. Kwa joto la pwani ya Lindi mwezi wa Desemba, likiachwa juani likiwa limejaa chaji, betri inachakaa haraka. Jirani yangu hapa Mtwara alinunua moja ya zamani, ya uniti 24, kwa kuangalia picha za rangi na viti. Lilipofika, haliwezi kwenda Lindi bila kuchaji njiani. Mtwara hadi Lindi ni kilomita mia na ushee. Leo anatumia gari hilo kwenda sokoni tu, na safari ndefu anaazima gari la petroli la shemeji yake. Kwa mazingira, hiyo ni hasara tupu: betri imetengenezwa, petroli nayo inaendelea kuungua.

Nakuja kwenye kinywe, na hapa nitakaa kidogo, maana ni jambo la nyumbani kwenu.

Kinywe ni kile cheusi kilicho ndani ya penseli. Kwenye betri ya lithiamu kinakaa upande wa hasi, na ndiko lithiamu inakojificha gari likichajiwa. Watu wanapiga kelele kuhusu lithiamu, lakini kwa uzito kinywe ni kingi kuliko lithiamu mara kadhaa: karibu kilo moja kwa kila uniti ya betri. Betri yako ya uniti 40 ina kama kilo 40. Na katika kukata chembe za kinywe ziwe duara, kama viwanda vya betri vinavyotaka, zaidi ya nusu huondoka kama vumbi. Kwa hiyo kilo 40 zilianza zikiwa 80 au 100. Mwamba wenye kinywe asilimia 10 maana yake ni tani moja ya mawe iliyochimbwa, ikasagwa na kuchanganywa na maji ili kinywe kielee na kutengana na mchanga. Kilo 900 zinazobaki ni tope. Tope hilo linakaa wapi, ukuta wake umejengwaje, na mvua za masika zikija linakwenda mto gani? Hayo ndiyo maswali ambayo kila kijiji cha Ruangwa kilicho jirani na mgodi kina haki ya kuyauliza kwenye mkutano wa hadhara na kupewa majibu kwa maandishi.

Mkorosho nao si mti wa kufidiwa kwa bei ya kuni. Unachukua miaka kadhaa kuzaa vizuri, kisha unazaa kwa miongo. Aliyepoteza mikorosho 50 amepoteza ada za watoto wake na za wajukuu. Nikisema gari la umeme ni safi bila kutaja hilo, nitakuwa nawadanganya watu wa kwetu kwa faida ya watu wa mbali.

Lakini pima na upande wa pili kwa mizani hiyohiyo. Tani yako moja ya mawe ya kinywe imechimbwa mara moja, na kinywe chenyewe kinabaki ndani ya betri maisha yake yote. IST ikitembea kilomita 150,000 kwa lita 7 kwa 100, imekunywa lita 10,500, yaani karibu tani 8 za petroli. Zimechimbwa, zimesafishwa, zimesafirishwa, zimeungua, na hakuna hata gramu moja utakayoipata tena. Uchafuzi wa kuchimba mafuta hatuuoni Ruangwa kwa sababu unatokea kwa watu wengine. Mwenzako anauona mgodi kwa kuwa uko jirani, na visima vya mafuta havioni kwa kuwa viko mbali. Vyote viwili vina watu wanaoishi pembeni yake.

Kuna na kobalti. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na sehemu yake huchimbwa kwa mikono na watu maskini, watoto wakiwemo. Hilo linaniuma. Siku hizi zipo betri za chuma na fosfati zisizo na kobalti wala nikeli, na zinastahimili joto vizuri zaidi. Ukipata gari lenye betri hiyo, hata kama linakwenda umbali mfupi kidogo kwa chaji moja, mimi ningelichagua hilo.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Moshi wa pale barabarani, ule unaoingia kwenye mapafu ya watoto wanaotembea kwenda shule, gari la umeme halina. IST yako kama fundi alishang'oa masega (kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi), na wengi wanang'oa, inatoa sumu mara nyingi zaidi ya ilivyotoka kiwandani. Kama yapo, yalinde. Oili chafu, lita tatu au nne kila mara unapobadilisha, huku kwetu inamwagwa chini ya mwembe wa gereji au inapakwa nguzo kuzuia mchwa. Gari la umeme halina oili ya injini. Vumbi la tairi lipo kwa yote mawili, na gari la umeme linalitoa zaidi kidogo kwa kuwa ni zito, ingawa breki zake haziishi haraka.

Betri ikifa? Ikishindwa kuendesha gari bado inaweza kutunza umeme wa sola kwa miaka kadhaa, taa na friji ya zahanati au ya duka. Ila isifunguliwe chini ya mwembe. Betri ya gari dogo la umeme ina volti karibu 360, inaua. Na ikitobolewa inaweza kuwaka moto usiozimika kwa ndoo ya maji. Mtu wa kuipokea awe mwenye kibali cha serikali cha kushughulikia taka hatarishi.

Sasa wewe, mwalimu. Ukiuza IST haifi. Kesho itakuwa inaungua petroli ileile mikononi mwa mwingine. Kama anayeinunua anaachana na gari bovu zaidi, kuna faida. Kama hakuwa na gari, tumeongeza gari barabarani. Kwa mtu wa kilomita 700 kwa mwezi, mwenye gari dogo lililo katika hali nzuri, sioni haraka. Litunze, pima upepo wa tairi kila wiki, na siku litakapofika mwisho wake ndipo uhamie umeme. Kufikia hapo huenda Ruangwa ikawa inapata umeme wa Rufiji. Usione haya mbele ya wanafunzi. Wape hesabu hii waifanye wenyewe ubaoni, pamoja na sehemu ya kinywe.

Anayepaswa kuhamia umeme mwaka huu ni mdogo wako.

Bodaboda inayotembea kilomita 100 kwa siku inakunywa lita 2 hadi 2 na nusu. Hizo ni kilo 5 za hewa ukaa kwenye bomba la moshi peke yake, kila siku, na mtu wa kwanza kuivuta ni yeye na abiria wake. Pikipiki ya umeme inatumia uniti 3 hadi 4 kwa umbali huo, ambazo kwa umeme wetu wa gesi ni kama kilo 2. Betri yake ni ndogo, uniti 2 au 3, deni lake kama kilo 200. Akiokoa kilo 3 kwa siku, amelilipa ndani ya siku 70. Wewe ungehitaji miaka minne. Na kinywe cha betri yako moja kingetosha pikipiki zaidi ya kumi na tatu. Kama umeweka akiba ya kununua gari, msaidie kwanza apate pikipiki yenye betri mbili (deni linakuwa la siku 140, bado ni dogo kuliko lako), moja ikichajiwa nyumbani huku nyingine ikifanya kazi, maana asilani asikubali kukaa nusu siku bila abiria akisubiri chaji.

Ukiamua hata hivyo kununua gari, usitume pesa kabla hujapata picha ya dashibodi likiwa limewashwa. Kwenye Leaf, pembeni mwa kipimo cha chaji kuna vijistari 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri; cha kwanza kinazimika betri ikiwa imeshapoteza kama asilimia 15. Vikiwa chini ya 10, achana nalo hata kama bei inakuvutia. Nitumie picha hiyo, na ripoti ya betri kama muuzaji anayo, nikuangalizie kabla hujalipa.